Amemaliza kifungo cha kesi ya mtoto, amerudi kanisani na anataka kwaya. Aingie mpaka wapi?

Mwalimu wa Bandani
Bwana Yesu asifiwe wakuu. Nipeni akili, maana huku baraza la wazee limegawanyika na mimi nimebanwa katikati.

Nafundisha shule ya Jumapili, dhehebu na mkoa nisitaje. Watoto ni wengi, walimu wachache, darasa ni banda la bati nyuma ya kanisa. Choo kiko upande wa pili wa uwanja karibu na geti dogo. Sasa kuna kaka mmoja alifungwa kwa kesi ya mtoto wa jirani yao. Katoka. Anakuja ibada ya kwanza, anakaa benchi la nyuma, hana fujo na mtu. Juzi kaomba mambo mawili: arudi kwaya alikokuwa zamani, na asaidie kuvusha watoto barabara kubwa ibada ikiisha.

Wazee nusu wanasema Yesu alikula na watoza ushuru, sisi ni nani tumzuie. Nusu wanasema wazazi wakijua watahama na watoto wao. Mchungaji kasema tuombe. Naomba kweli, ila Jumapili haisubiri. Habari ya kumsamehe sijaileta hapa, hiyo ni yake na Mungu na yule mtoto. Nauliza aingie mpaka wapi.

Kipara Ngoto
Siti ya mbele, na karanga ninazo.

Nyundo Butu
Mnajadili nini? Asikanyage hapo. Kuna makanisa kila kona, aende kwingine.

Mzee wa Uyole
Nyundo Butu, ndiyo hasa ninayoiogopa hiyo "aende kwingine". Akienda kwingine hawamjui. Ana sauti nzuri, anafagia kanisa, anawahi ibada. Baada ya miezi miwili watamkabidhi funguo za darasa na kumwita mtumishi. Bora akae mahali ambapo kila mzee anajua habari yake na macho yapo. Kwenye kuvusha watoto, jibu ni hapana, wala msimzungushe. Mwambieni uso kwa uso.

Wakili Asiye na Suti
Mtoa mada, kabla hamjaendelea, ulizeni alitiwa hatiani kwa kosa gani. "Kesi ya mtoto" ni maneno ya mtaani. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kubaka kunaanzia miaka 30 jela, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kama kaka huyo katoka baada ya miaka michache, ama lilikuwa kosa jingine, ama rufaa ilimfungulia. Aliyeshinda rufaa na aliyemaliza kifungo si watu wa aina moja, msije mkamchafua mtu.

Mwalimu wa Bandani
Wakili, ahsante. Ilikuwa shambulio la aibu, na kifungo alikitumikia. Rufaa hakuna.

Chaga Mpole
Hapo ndipo sheria zetu zinaponishinda. Desemba 2017 wale wanamuziki wawili waliokuwa na kifungo cha maisha kwa kesi ya watoto wa shule ya msingi walitoka kwa msamaha wa Rais, nchi nzima ikacheza nyimbo zao. Leo tunamkomalia mwanakwaya.

Kipara Ngoto
Chaga, usitupeleke huko, uzi utafungwa. Wale mpaka leo wapo wanaoamini hawakutenda, na wapo walioumia sana siku ile. Turudi bandani.

Mbeba Boksi Leicester
Niko Uingereza, nasali Anglikana. Hapa jambo kama hili lina utaratibu ulioandikwa. Mtu aliyehukumiwa kwa makosa ya namna hiyo akitaka kusali, hafukuzwi. Anakaa chini na mchungaji na mhusika wa ulinzi wa watoto wa parokia, wanaandika makubaliano: atakuja ibada ipi, atakaa wapi, nani watakuwa naye, ukumbi gani haingii, cheo gani hapewi. Anasaini. Akivunja, hatua zinachukuliwa. Na anayefanya kazi na watoto lazima achunguzwe rekodi yake ya jinai kwanza, hata bibi wa miaka 70 aliyefundisha maisha yake yote. Mabibi walinuna sana mwanzoni.

Nyundo Butu
Uingereza hiyo hiyo ambayo askofu mkuu wao alijiuzulu kwa kuharibu watoto?

Mbeba Boksi Leicester
Hapana, nyoosha hiyo. Justin Welby alijiuzulu Novemba 2024, lakini mharibifu hakuwa yeye. Aliyetenda ni John Smyth, mwanasheria aliyekuwa akiongoza kambi za vijana wa Kikristo, akiwachapa wavulana mpaka damu. Ripoti ilisema Welby alipata habari mwaka 2013 na hakufuatilia inavyotakiwa. Sasa sikiliza kinachotuhusu sisi Waafrika. Kuna watu wa kanisa walijua habari za Smyth tangu 1982, wakaandika ripoti na kuifungia kabatini. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi zilezile. Mwaka 1992 kijana wa miaka 16 akafa kambini kwake. Kesi ikavunjika, akaenda Afrika Kusini, akafa 2018 hajahukumiwa popote. Zile "aende kwingine" zilizosemwa huko ndizo tulizopokea sisi, tena kwa jina la mmishenari.

Mzee wa Uyole
Mbeba Boksi, umemaliza. Nilikuwa sina mfano.

Nyundo Butu
Sawa, hiyo nakubali. Lakini mmoja anakaa Leicester, mwingine Uyole. Huku nani atamsindikiza mtu kanisani kila Jumapili? Wazee wenyewe wanasinzia mahubiri.

Katekista wa Kigango
Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki Papa Fransisko alitoa barua kuhusu unyanyasaji wa kingono mwaka 2019, ikafanywa ya kudumu 2023. Inagusa mpaka maaskofu wanaoficha. Kwa hiyo si kweli kwamba makanisa yamelala.

Chaga Mpole
Milele amina. Na inawalazimisha kupeleka polisi, sivyo?

Katekista wa Kigango
Sivyo. Inawalazimisha mapadre na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa, na inasema haiondoi wajibu wa sheria za nchi. Hapa kwetu ni Sheria ya Mtoto ya 2009: mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa, wajibu wake ni kuripoti kwa serikali ya mtaa. Hilo linamhusu mpiga kinanda, mama lishe wa getini na wewe Chaga.

Mhazini Mstaafu
Nimekuwa mhazini wa kanisa muda mrefu. Sadaka haihesabiwi na mtu mmoja hata siku moja, hata akiwa mchungaji. Watu watatu, meza wazi, wanasaini. Hakuna anayeona ametukanwa. Lakini watoto hamsini wanaachiwa kijana mmoja wa kipaimara bandani mpaka ibada ya pili iishe. Tuna adabu na noti ya elfu mbili kuliko na mtoto.

Kipara Ngoto
Mhazini umeupiga mwingi. Naomba hii niipeleke kwenye kundi la jumuiya yetu bila kutaja jina.

Sabato Njema
Kwetu Waadventista Mwongozo wa Kanisa unasema hivyo hivyo: watu wazima wawili au zaidi penye watoto, milango wazi, na mtu mpya akibatizwa au akihamia anasubiri angalau miezi 6 ndipo apewe kazi ya watoto. Watafuta Njia, yaani klabu ya watoto wetu, wakienda kambi, hema la mtu mzima na la watoto havichanganywi.

Nyundo Butu
Wasabato mmeanza. Uzi wa shule ya Jumapili mnaleta ya Jumamosi.

Sabato Njema
Watoto ni walewale siku zote, ndugu yangu. Na nikiri ukweli, mwongozo upo kwenye kabati na makambi yakija walimu wanakosekana, miezi 6 inakuwa wiki 6.

Bint wa Pangani
Mimi Muislamu, mniruhusu nichungulie. Mjadala huu ubadilishe neno banda uweke chuo cha Kurani, ni wetu mtupu. Ustadhi anaaminika mpaka mzazi haulizi kwa nini mtoto kabakizwa baada ya wenzake. Mimi nadhani tatizo si mgeni wala mfungwa. Tatizo ni heshima iliyopitiliza. Mtoto wetu anafundishwa asimpinge mkubwa, asimtazame usoni, akiitwa aende. Halafu tunataka siku hiyo moja awe na ujasiri wa kusema hapana.

Mwalimu wa Bandani
Karibu dada. Hiyo imenichoma. Bandani kwangu tunaimba kila Jumapili "watiini wazazi wenu".

Takwimu na Chai
Watanzania watoto 3 kati ya 10 wanafanyiwa ukatili wa kingono. Utafiti wa UNICEF. Kwa hiyo banda la watu mia, thelathini tayari.

Nesi wa Zamu
Takwimu, taratibu. Utafiti ulifanyika 2009, ripoti ikatoka 2011. Waliohojiwa ni vijana wa miaka 13 mpaka 24, wakaulizwa yaliyowapata kabla ya miaka 18. Wasichana ni karibu 3 kati ya 10, wavulana ni 1 kati ya 7. Na watu wakisikia wavulana hushtuka, maana kwetu mvulana hahesabiwi. Karibu nusu ya matukio kwa wasichana yalikuwa ndani ya nyumba ya mtu. Benchi la nyuma la kanisa sikuliona humo. Ukimtazama yule mfungwa peke yake Jumapili nzima, unampa mgongo shemasi.

Nyundo Butu
Kwa hiyo mfungwa sasa ni salama kuliko shemasi?

Nesi wa Zamu
Sijasema hivyo. Huyo mmeshajua wa kumtazama. Wengine hamjawajua.

Fundi Seremala
Niongeze langu la ufundi. Zamani watoto walifundishwa chini ya mwembe. Mama muuza maandazi anaona, mlinzi anaona, mpita njia anaona. Mfadhili akaja, tukajenga madarasa, nikatengeneza milango mwenyewe, mbao nzito, komeo ndani. Kazi nzuri, nililipwa. Kamati moja tu ndiyo iliniambia: fundi, weka kioo usawa wa macho na komeo liwe nje. Wengine wote wanataka mlango "wa heshima". Kama banda la mtoa mada halina mlango, asifanye haraka ya kuuweka.

Mwalimu wa Bandani
Fundi, halina, na mchango wa mlango ulitangazwa wiki iliyopita 😂

Mama wa Usonji
Nimesoma kimya tangu juu. Mnaongelea kukaribisha wote, na wote mnaowaza ni wakosaji. Mwanangu ana usonji. Ngoma zikianza anapiga kelele na kuziba masikio, anakimbia. Mhudumu wa mlangoni alinishika bega akaniambia "mama, mtoe nje kidogo". Nje ni barabarani. Mtoto wangu ndiye anayehitaji ulinzi kuliko wote, maana hawezi kuja kuniambia fulani kanifanya hivi.

Na hii sheria yenu ya watu wazima wawili, naipenda, lakini kwetu inageuka ukuta. Darasa lilimkataa kwa sababu chooni anahitaji kushikwa mkono, na walimu wawili hawawezi kutoka wote. Kwa hiyo nakaa naye kwenye gari la jirani mpaka ibada iishe.

Mhazini Mstaafu
Mama, pole. Mtu wa pili si lazima aingie chooni. Asimame mlangoni, mlango urudishwe nusu, na wewe mzazi umjue kwa jina. Ila hapo walimu wawe watatu, na sijui wa tatu anatoka wapi.

Mama wa Usonji
Anatoka kwenye kwaya. Kwaya zipo nne na sare tatu tatu.

Kipara Ngoto
Hahaha, wanakwaya hapo mmechomwa mkuki.

Msafiri wa Nakuru
Nawapata kutoka Kenya. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 inataka Mahakama Kuu iweke rejista ya waliohukumiwa. Na ukitaka kazi shuleni unaitishwa cheti cha maadili mema cha polisi. Lakini kanisani kwetu sijawahi kuona mtu akiitishwa cheti ndio afunze watoto. Ukisema "nimeokoka" imetosha. Halafu msisahau Shakahola 2023, wafuasi wa mhubiri walivyofunga mpaka kufa. Miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, na wengi wao walipelekwa msituni na mzazi mwenyewe. Huyo utamwekea mlango wa kioo?

Chaga Mpole
Shakahola ni imani potofu, ni mada nyingine.

Msafiri wa Nakuru
Ni mada hiyo hiyo. Mtumishi hakuulizwa swali.

Asiyetaka Jina
Nimefungua akaunti kwa ajili ya huu uzi. Bint wa Pangani kasema heshima, Fundi kasema milango. Kwetu ilikuwa ada. Kulikuwa na baba mmoja wa kanisa, mfadhili, analipia watoto wa wajane. Mdogo wangu alilipiwa kidato cha kwanza na cha pili. Mama alijua kitu, sina hakika alijua lini. Akisema, ada inakata kwa sisi wote watatu. Kwenye ibada ya shukrani yule baba alipewa kitenge na kuku. Mdogo wangu ndiye aliyebeba kuku mbele.

Hakufungwa. Msiniambie niende polisi, mwenyewe mdogo wangu hataki na sasa ni mtu mzima.

Bint wa Pangani
Pole sana dada au kaka. Tumekusikia.

Nesi wa Zamu
Pole. Sikusukumi. Ila kwa wengine wanaosoma na lao ni la leo: 116 ni namba ya bure ya simu kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia. Kama ni tukio jipya, usimwogeshe mtoto wala kufua nguo. Hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zikipita hapo hazifai, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Penye kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii mnawakuta pamoja. Kama hakuna, dawati la jinsia na watoto polisi, fomu ya polisi ya matibabu (PF3), hospitali.

Chaga Mpole
Sisi tulielekezwa aanze kwa mchungaji ili suala lisifike nje kabla halijachunguzwa.

Nesi wa Zamu
Mchungaji hana maabara. Aje kuomba wodini.

Mzee wa Uyole
Na akishafika mahakamani hakuna ushahidi, ni neno la mtoto tu. Ndiyo maana wazee hupenda kuyamaliza nyumbani. Simtetei mtu, naeleza.

Wakili Asiye na Suti
Mzee shikamoo, ila hilo si sahihi. Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa 2016. Mtoto wa miaka 14 kushuka chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli. Na kwenye makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake, ikiridhika anasema kweli. Kesi nyingi hufa kwa sababu nyingine: familia zimeshakaa, mbuzi ameshaliwa, shahidi kapelekwa kwa bibi yake Singida.

Mzee wa Uyole
Marahaba. Mbuzi nawajua wengi.

Mwalimu wa Bandani
Wakuu nimerudi. Kikao kimekaa. Niliyapeleka ya humu bila kusema yametoka wapi, na hoja ya sadaka ndiyo iliyonyamazisha chumba.

Matokeo: kuvusha watoto, hapana. Kwaya, hapana kwa sasa, maana mazoezi yanachanganya na kwaya ya watoto Jumamosi jioni. Atasali ibada ya kwanza tu, wazee wawili watakaa naye kwa zamu, na eneo la bandani na chooni nyuma hafiki. Imeandikwa. Yeye aliitwa, akasoma, akasaini. Alichosema ni kwamba kifungo alikitegemea kiishe siku moja. Mzee mmoja alitoka nje kulia.

Ila tumekwama: wazazi waambiwe? Yeye kaomba wasiambiwe, anaogopa kuchomwa moto. Mchungaji kakubaliana naye. Mimi nina mama wa watoto watatu ananisalimia kila Jumapili na nimeficha kitu.

Nyundo Butu
Waambiwe wote leo. Mtoto wangu akiwa hapo nisiambiwe, siku nikijua sirudi na mtawaona polisi.

Wakili Asiye na Suti
Hukumu ilisomwa mahakama ya wazi, si siri ya kitubio. Lakini kulitangaza madhabahuni watu wakajichukulia sheria mkononi, damu yake itakuwa juu ya nani?

Mbeba Boksi Leicester
Hapa hawatangazi kwa wote. Wanajua wachache wenye kazi: mchungaji, mhusika wa ulinzi, wanaokaa naye, wanaoongoza watoto. Sijui kama huko siri ya watu wanane inakaa.

Kipara Ngoto
Siri ya watu wanane huku inafika sokoni kabla ya baraka ya mwisho.

Mama wa Usonji
Waambieni wazazi sheria, si jina. Mtoto haendi chooni peke yake, hachukuliwi na bodaboda asiyejulikana, hakabidhiwi kwa mtu yeyote isipokuwa aliyemleta. Kwa wote, awepo huyo kaka asiwepo.

Nyundo Butu
Hiyo ni kunizunguka. Nataka jina.

Bint wa Pangani
Yule mtoto wa jirani na familia yake, bado wanasali hapohapo? Mbona hakuna aliyeuliza tangu mwanzo?

Mwalimu wa Bandani
Walihama walipoanza kunong'onwa. Mama yake bado nina namba yake. Nitampigia kesho, sijui nitaanzaje.

Msafiri wa Nakuru
Anza kwa salamu, kisha umskize. Na mkesha wa mwisho wa mwezi mmeupanga vipi? Hapo ndipo watoto hulala chini ya mabenchi kila mahali na stima ikipotea ni giza tupu.

Mwalimu wa Bandani
Mkesha haukutajwa kikaoni kabisa.

Mhazini Mstaafu
Sisi tunatandika mikeka mbele kabisa kando ya madhabahu, taa ya sola juu yao, kina mama wawili wanapokezana mpaka asubuhi. Wanaume hatuwapangi.

Fundi Seremala
Kwa hiyo baba hafai kumlinda mwanawe aliyelala?

Kipara Ngoto
Fundi, fungua uzi wako. Karanga zimeisha.